Kadi ya Kumrudisha Mwamuzi

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimepewa kazi ya maana. Shemeji alituita mezani, akafunga dirisha ili kelele za gereji ya chini zisituingilie, akasema mashindano ya tarehe kumi na sita yatakuwa na kadi maalumu. Kila mshindani atapewa moja mlangoni na atalazimika kuicheza. Uwezo wa kadi hiyo nitautunga mimi.

Tuko wanne tu. Shemeji ndiye mwenye kampuni, na ni kaka wa mke wangu. Mchoraji anachora picha za kadi. Kikokotoo anapima namba, na kazi yake kubwa ni kunikatalia. Mimi ndiye mtunga uwezo, yaani yale maneno machache chini ya picha yanayoeleza kadi inafanya nini. Watu hununua kadi kwa sababu ya picha, lakini hugombana kwa sababu ya maneno yangu.

Kisha Shemeji akaongeza, macho yake yakiwa kwenye birika, kwamba hayo ndiyo yatakuwa mashindano ya mwisho ya dada yake akiwa mwamuzi mkuu. Jumanne ya tarehe kumi na tisa anapanda basi kwenda mji mwingine kufundisha waamuzi wapya. Miaka miwili. Wote wakaliangalia birika. Nami nikaliangalia. Nikasema ni jambo jema sana.

Si jema hata kidogo.

Acha niandike ukweli, maana shajara haina mdomo. Wiki tatu zilizopita mke wangu aliweka kikombe chake mezani jikoni, akaniuliza waziwazi kama nataka aende au abaki. Nikamwambia ngoja nifikirie. Nikaenda kutafuta penseli. Niliporudi, kikombe kilikuwa kimeoshwa, na yeye alikuwa anafunga zipu ya begi. Sasa yuko kwa shangazi yake. Penseli, hata hivyo, niliipata.

Lakini leo nimepata njia. Kanuni ya mashindano yetu, niliyoipendekeza mimi mwenyewe, inasema mwamuzi mkuu husoma kila kadi mpya kwa sauti kabla ya mchezo kuanza. Kwa hiyo nitakachoandika, atakisoma yeye, kwa kinywa chake, mbele ya watu sitini na wanne. Akifika mwisho wa sentensi atakuwa ameshaelewa kila kitu, nami sitakuwa nimefungua mdomo. Akili kama hii ni kipaji.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeshinda na uwezo kutwa nzima. Watu hudhani kazi hii ni kuota ndoto. Kadi ina gharama, ambayo ni matone ya mafuta unayoyatoa ili kuiweka mezani. Ina nguvu, ambayo ni namba ya kupigania. Uwezo ndio roho yake. Ukiipa uwezo mnono, sharti upunguze nguvu au upandishe gharama. Mke wangu alikuwa akisema kwamba kadi yenye kila kitu imetungwa na mtu asiyejua anachotaka. Alikuwa anasema huku ananitazama.

Kadi yangu inaitwa Mwenye Taa. Mwanamke amesimama mlangoni, taa mkononi. Gharama, tone moja tu, maana sitaki mtu yeyote ashindwe kumpata. Uwezo wake: Akitupwa jalalani, hurudi mezani. Maneno manne. Nilipoyasoma yalinitoa machozi. Nikasingizia moshi wa gereji.

Nikapeleka kwa Mchoraji. Huyu mama ana miwani ya kusomea na miwani ya kuonea mbali, na yote huivaa kichwani badala ya machoni. Nikampa picha ya mke wangu, nikamweleza kuwa ni ya mfano tu, apate umbo la shingo. Akashusha miwani. Akaitazama picha, akayatazama maneno, akaniuliza taratibu kama kweli nimekusudia kumwambia dada wa bosi, mbele ya umati, kwamba yuko jalalani.

Sikuwa nimeliona hilo.

Jalala ni neno langu mwenyewe. Nililitunga miaka minane iliyopita, mchezo wetu wa Ngome Tisa ulipoanza, kwa ajili ya rundo la kadi zilizokwisha kutumika. Siku ile mke wangu alicheka hadi akakaa sakafuni. Leo nakaangwa kwa mafuta yangu mwenyewe.

Jumatano, 6 Agosti

Nimependekeza kikaoni kwamba neno jalala libadilishwe, tuseme bustani. Nikatoa sababu nzuri, kwamba lugha hukua. Kikokotoo akafungua daftari lake, akasema kadi mia sita na kumi na mbili zimeshachapwa zikiwa na neno jalala. Shemeji akaniuliza kama nataka apite nyumba kwa nyumba akiwapora watu kadi zao. Nikasema kwa mpangilio mzuri inawezekana. Shemeji akafungua dirisha ili kelele za gereji ziingie.

Halafu nimegundua Kikokotoo amebadilisha viti. Changu kilikuwa na magurudumu manne. Hiki kina matatu. Nilipoegemea, nilijikuta chini ya meza, karibu na kikapu cha taka. Kutoka huko nilimwona akila tofaa. Hulikata kwa kisu, vipande vinane, vyote sawa. Mtu anayekula tofaa hivyo atajua nini kuhusu mapenzi?

Jioni nimecheza mezani jikoni. Nagawa kadi mikono miwili, wangu na wa mke wangu. Ninapofika zamu yake nahamia kiti chake. Alikuwa na tabia ya kuigonga kadi mezani mara mbili kabla ya kuicheza, tok tok, na hapo nilijua nimekwisha. Sasa nazigonga mimi badala yake. Leo amenishinda mara tatu, na wala hayupo.

Nimemkumbuka sana, sina njia nyingine ya kulisema.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya majaribio. Nimeondoa jalala kabisa. Sasa uwezo unasema: Akiondoka mezani, hurudi papo hapo. Iwe ametupwa, amefukuzwa au amechoka mwenyewe, anarudi. Safi.

Kikokotoo aliicheza kadi hiyo siku nzima dhidi yake mwenyewe, akiweka alama daftarini. Saa tisa akanieleza kwamba ina makosa matatu. La kwanza, haina kikomo. Iandikwe mara moja kwa zamu. La pili, kurudi kwenyewe ni kwa lazima. Iandikwe kuwa anaweza kurudi, iwe hiari, maana jambo la lazima likianza kuzunguka hakuna wa kulisimamisha. Nikamwambia hiari nimeshaijaribu nyumbani kwangu na matokeo yake nayajua.

La tatu alilisema huku anapangusa kisu. Gharama ni ndogo mno. Akasema kila uwezo lazima mtu aulipie, na kama mwenye kadi halipi, basi anayelipa ni aliyekaa mbele yake. Nikamjibu kwamba yeye ni mkavu kama chaki. Akasema ndiyo, ameshaambiwa.

Shemeji akaamua kwamba marekebisho yote matatu yaingie. Nikainamisha kichwa kwa utii mkubwa. Kuinama huku kuna jambo ndani yake.

Jumatatu, 11 Agosti

Mpango mpya, na huu hauna tundu.

Kadi zinachapwa kesho mchana kwa jirani yetu Mpiga Chapa, mtaa wa nyuma. Nimekubali marekebisho ya Kikokotoo mbele ya wote. Hata nimemshukuru. Kisha nimejitolea kupeleka faili mwenyewe, eti nanyoosha miguu. Njiani nikakaa kwenye ngazi za duka la viatu, nikafungua kompyuta, nikayarudisha maneno yangu yote. Lile la mara moja kwa zamu nimelifuta kwa furaha ya pekee. Lilikuwa linaharibu mwendo wa sentensi. Ni nani amwambiaye mkewe rudi, lakini mara moja kwa zamu?

Mpiga Chapa aliniuliza kama karatasi ya Kikokotoo yenye saini inafanana na faili. Nikampa soda baridi. Akaweka karatasi chini ya chupa, na majimaji ya chupa yakafuta saini.

Nikarudi ofisini napiga mluzi. Kikokotoo akanitazama kwa muda, akaandika kitu daftarini.

Jumatano, 13 Agosti

Kadi zimefika. Mia mbili, karatasi nene, bado zinanuka wino. Nilifungua pakiti ya kwanza kabla ya mtu kuingia.

Ni yeye. Shingo, masikio, ule unywele mmoja unaokataa kibanio. Ila Mchoraji amempa uso ambao sikumpa kwenye picha. Mwanamke wa kwenye kadi anatazama kutoka mlangoni kama mtu aliyeuliza swali na sasa anasikiliza droo zikifunguliwa na kufungwa chumba cha pili. Mama yule amejuaje? Nimeweka kadi moja mfuko wa shati, upande wa moyo. Nikiinama inanichoma.

Baada ya kazi nikaenda kwa shangazi wa mke wangu kupeleka mwavuli aliousahau. Mvua haijanyesha mwezi mzima, lakini mwavuli ni mwavuli. Yeye hakuwepo, alikuwa anafundisha watu kanuni. Begi lake nililiona barazani, lile lile, limesimama tayari.

Shangazi aliniandalia chai na kunitazama nikiinywa. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwambia nimeinama sana siku hizi, Ijumaa hasa, na kwamba Jumamosi ataona matokeo yake. Shangazi akaniuliza aliyekuja kumwona mke wangu ni mimi au ni mwavuli. Sikulielewa swali, kwa hiyo nikasema nitalifikiria.

Akachukua kikombe changu kabla sijamaliza.

Jumamosi, 16 Agosti

Ukumbi wa shule. Meza thelathini na mbili, washindani sitini na wanne, saa tatu kamili. Mke wangu kavaa koti la mwamuzi, lile la bluu, vifungo vyote vimefungwa. Sikuwa nimemwona kwa wiki karibu tano. Nilisahau kwamba yeye ni mrefu kiasi kile.

Akapanda jukwaani kusoma kadi mpya. Akaishika mbali kidogo na uso, akaiona picha. Akaishusha, akaiinua tena. Kisha akasoma: Mwenye Taa. Akiondoka mezani, hurudi papo hapo. Akaisoma kwa sauti ile ile anayosomea mlango wa dharura uko wapi. Akauliza kama kuna mwenye swali. Hakuna. Akashuka.

Basi? Ndiyo hivyo tu? Nilikaa kwenye kiti cha nyuma nikijipa moyo. Labda neno lilikuwa linashuka taratibu ndani yake.

Raundi ya pili, meza ya kumi na moja. Kinyozi mmoja anacheza na mwalimu wa hesabu. Mwalimu ana kadi yangu ya zamani, Mlango wa Upepo, ya mwaka juzi, ambayo wengi wanayo. Uwezo wake, niliouandika mimi: Yeyote anayeingia mezani huondoka papo hapo. Kinyozi akamweka Mwenye Taa mezani. Mwenye Taa akaingia, kwa hiyo akaondoka. Kwa kuwa ameondoka, akarudi. Kwa kuwa amerudi, akaondoka.

Kinyozi ni mtu mwaminifu. Alifuata kadi ilivyosema. Aliiweka, akaiondoa, akaiweka, akaiondoa, dakika ishirini, jasho linamtoka. Mwalimu alihesabu hadi mia tatu na kitu, kisha akainua mkono kumwita mwamuzi. Kufikia hapo meza tisa zilikuwa zinafanya hivyo hivyo. Ukumbi ulijaa mchakacho wa kadi zinazoingia na kutoka.

Mke wangu alisimama mezani pa kinyozi, akasoma kadi mara ya pili. Akaomba mtunzi aitwe. Nikapita katikati ya watu wote wale. Shemeji alikuwa amejifunika uso kwa ratiba.

Akaniuliza, kwa sauti ya uamuzi, nani kati ya wachezaji hawa wawili anaweza kuusimamisha mzunguko. Nikasema hakuna. Akaeleza kwa wote kwamba ingekuwa hiari, angemwambia kinyozi ataje idadi, arudi mara kumi au mara elfu, kisha aache, mchezo uendelee. Lakini ni lazima, na mzunguko wa lazima hauna mshindi. Kisha akaniuliza kama Mwenye Taa mwenyewe anaweza kukataa kurudi. Nikamwambia kwa jinsi ilivyoandikwa, hawezi.

Akasema kumbe yeye hakuulizwa.

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya sabuni yake.

Akatangaza sare meza zote tisa na kuipiga kadi marufuku. Ikabidi zikusanywe kwenye ndoo. Moja ilibaki mfukoni kwangu.

Jumapili, 17 Agosti

Jana sikuandika yote. Mkono ulikataa.

Watu walipoondoka nilibaki kupanga viti. Yeye pia alibaki. Tulipanga safu mbili. Kisha akasema ameisoma kadi yangu kwa sauti mara mbili, na ameielewa tangu mara ya kwanza, maana amekuwa akinisoma miaka kumi na moja. Akasema amechoka kunisoma. Sasa anataka kunisikia.

Basi linaondoka Jumanne saa nne asubuhi. Nije kituoni. Nisije na kadi, nisije na barua, nisije na mwavuli. Nije na sentensi moja mdomoni, ya kile ninachokitaka, na yeye ataamua cha kufanya nayo. Hata kama sentensi yenyewe ni nenda salama, anataka kuisikia. Akasema kinachomwondoa si hiyo kazi. Kazi angeweza kuiacha. Kinachomwondoa ni kumsubiri mtu aliyekaa chumba kimoja naye.

Kisha akagonga mgongo wa kiti kwa kidole, mara mbili, akaondoka.

Leo Shemeji alipiga simu saa mbili asubuhi na kusema mengi. Sehemu kubwa nilistahili. Akamalizia kwa kusema kwamba kama bosi angenifukuza, lakini kama shemeji ananiombea dua ya Jumanne.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimefika ofisini nimejiandaa kuzomewa. Kikokotoo alikuwa amenirudishia kiti changu chenye magurudumu manne. Ingekuwa afadhali angenizomea.

Nimefanya mazoezi ya sentensi. Nimeliambia birika: Baki. Lilichemka. Nimejiambia kwenye kioo cha chooni: Nataka ubaki. Nikaonekana kama mtu anayedai kitu alichoazimisha. Nikaenda kwa Mchoraji, nikamwomba ushauri. Akasema sauti yangu inatosha, nisiongeze rangi.

Saa kumi, kwa kukosa mwingine, nikamwambia Kikokotoo. Aliacha kukata tofaa. Akafikiri, akauliza swali lake lile lile. Nikisema baki, nani analipa? Akasema kwa hesabu zake, anayelipa ni mke wangu peke yake. Kazi aliyoitaka, miaka miwili, heshima yake. Mimi natoa neno moja. Gharama, tone moja. Akanipa kipande cha tofaa.

Mkavu yule. Nimekula kipande chake na kimenikaa kooni mpaka sasa.

Nyumbani sikucheza. Nilikaa kwenye kiti chake bila kugawa kadi. Kwenye dirisha kuna kibanio chake cha nywele, kimeshika unywele mmoja. Kesho nitasema. Neno moja tu, hata mtoto anaweza. Nimepiga moyo konde.

Jumanne, 19 Agosti

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimeshaoga. Shati jeupe. Nimetoa kadi mfukoni nikaiacha mezani, kama alivyoagiza. Kituo ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nitaondoka saa tatu. Muda ninao tele.

Saa moja na robo. Baki. Nimelisema mara arobaini. Kuna kitu hakijakaa sawa. Baki ni lazima. Yeye anataka hiari. Ukiweza, baki? Hiyo ni dhaifu, haina nguvu ya kupigania.

Saa mbili. Nimeona. Nimeona! Yule mlaji wa tofaa alikuwa na haki, ingawa hatasikia hilo kutoka kwangu. Neno baki analilipia yeye. Sasa geuza. Kwa nini nimwombe abaki wakati miguu ninayo mimi? Maneno naweza kuyatunga mji wowote wenye meza. Twende wote. Gharama nailipa mimi, nyumba, ofisi, kiti cha magurudumu manne, vyote. Yeye hapotezi kitu. Na ni hiari, akikataa amekataa. Kwa miaka minane ya kutunga uwezo sijawahi kupata kilicho sawa namna hii. Nimecheka peke yangu jikoni, nikalia, nikacheka tena.

Begi langu limefungwa. Mashati matatu. Kibanio chake nimekiweka mfukoni.

Saa tatu kasoro kumi. Nitakwenda naye. Ndiyo sentensi yenyewe. Ila nikiitamka hivi hivi haina jina. Inastahili jina. Nadhani Mfuata Taa.

Saa tatu na robo. Nimeandika nyuma ya kadi ya Mwenye Taa, nafasi ipo. Mfuata Taa. Mwenye Taa akiondoka mezani, anaweza kuondoka naye. Anayeweza hapa ni nani, mfuataji au mwenye taa? Haieleweki. Kinyozi mmoja tu na tumekwisha. Nimefuta.

Saa tatu na nusu. Mwenye Taa akikubali, huondoka pamoja. Bora. Mara moja kwa zamu? Hapana. Ndiyo?

Saa nne kasoro tano. Imekamilika. Nakimbia. Atanisubiri, ananijua.

Saa nne na nusu. Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo. Basi limeondoka. Mkata Tiketi anasema kuna mama mrefu alisimama kwenye ngazi ya mlango, hapandi wala hashuki, mpaka dereva akapiga honi mara tatu. Alikuwa akitazama ile njia niliyokuja nayo. Kabla ya kupanda aligonga bati la basi kwa kidole. Nikamuuliza mara ngapi. Akasema mara mbili.

Aliacha ujumbe kwa yeyote atakayekuja mbio na begi. Ujumbe ni huu: basi la pili ni saa sita, linafika kabla ya jua kuzama, na yeye atakuwa kituoni kule mpaka abiria wa mwisho ashuke. Leo tu. Kesho hatakuja.

Nimesimama nikasema asante kwa sauti kubwa, watu wakageuka. Hadi saa sita ni saa moja na nusu. Saa moja na nusu nzima. Kadi iko mkononi na nyuma yake bado kuna nafasi kidogo pembeni, na neno huondoka, nikilitazama sasa kwenye mwanga, si zuri. Husafiri lingekuwa bora. Au huenda.

Saa sita kasoro robo. Basi limeingia. Mkata Tiketi ananiita dirishani. Anasema imebaki nafasi moja, ya nyuma kabisa, na kuna watu watatu nyuma yangu wanaitaka. Anataka kujua kama nakata au sikati.

Nimemwambia ngoja nifikirie. Penseli ilikuwa hapa sasa hivi.